Matajiri mnaojisifu kuwa hamtawaachia watoto wenu kitu, acheni kutudanganya

Ndugu wanajamvi,

Nimechoka kuwasikia wazee wenye mali wakisimama kwenye harusi na vikao vya ukoo kutangaza kwamba watoto wao wasitegemee kurithi chochote, kwa kuwa hata mabilionea wa Marekani, Buffett na Gates, hawawarithishi wanao, kisha ukumbi mzima unapiga makofi.

Wanaomtaja Warren Buffett wasome habari zake hadi mwisho. Ni kweli kwamba mwaka 2010 yeye pamoja na Bill na Melinda Gates walianzisha ahadi ya matajiri kutoa angalau nusu ya mali zao kwa hisani. Lakini Buffett huyo ni mtoto wa dalali wa hisa aliyekuja kuwa mbunge nchini Marekani, watoto wake watatu wanaongoza taasisi za hisani ambazo yeye mwenyewe amezijaza fedha kwa miaka mingi, na ni hao hao aliowateua kusimamia ugawaji wa mali itakayobaki atakapofariki. Huko ndiko kutoachiwa kitu?

Baba yangu ana maghala ya nafaka na malori, na wimbo wake ni huo huo, kwamba mali ni jasho lake peke yake. Sisi wanawe tulilala ghalani msimu wa mavuno tukilinda magunia, mama alishika daftari la madeni tangu biashara ikiwa kibanda, na hakuna kati yetu aliyewahi kulipwa mshahara, kwa sababu kila tulipouliza tulijibiwa kuwa hivi vyote ni vyetu. Leo vimekuwa vyake.

Kinachonikera zaidi ni kwamba mzee ni Mwislamu, naye anajua vizuri kuwa wasia hauvuki theluthi ya mali pasipo ridhaa ya warithi. Sahaba Saad bin Abi Waqqas, alipougua akiwa na binti mmoja tu, aliomba kutoa theluthi mbili za mali yake, Mtume (S.A.W.) akamkatalia, akaomba nusu, akakataliwa, akaruhusiwa theluthi, na hata hiyo akaambiwa ni nyingi, kwani kuwaacha warithi wakijiweza ni bora kuliko kuwaacha mafukara wakiombaomba. Mjane mwenye watoto ana thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, na binti ana nusu ya fungu la kaka yake. Mafungu hayo hayakungoja hasira za mzee yeyote.

Najua nitajibiwa kwamba watoto wa matajiri hufuja mali. Wapo, tena wengi. Ila mtoto asiyeruhusiwa kuona hati ya kiwanja wala taarifa ya benki mpaka siku baba anazikwa, atajifunzia wapi kuitunza? Matokeo yake tunayaona: ndugu wanagombea usimamizi wa mirathi mahakamani, baba wadogo wanaibuka na madai yao, malori yanaoza uwanjani huku mawakili wakilipwa.

Kama baba anataka kweli kutoa sadaka, hakuna anayemzuia: aandike wasia wa theluthi yake, au aweke wakfu angali hai na mwenye afya, ajenge madrasa au achimbe kisima. Anaitangaza hisani hiyo kila harusi, na mpaka leo hajanunua hata mfuko mmoja wa saruji.