Mrejesho: nyumba kukaa tupu kipindi cha baridi kali

Niliuliza kama kufunga koki kuu ya maji kunatosha nyumba ikiachwa bila kipasha joto. Hakutoshi. Maji yanayobaki kwenye mabomba yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, bomba linapasuka, na uvujaji hauonekani mpaka barafu iyeyuke.

Ushauri wenu nimeufuata hivi. Kwanza zima tangi la maji moto, maana elementi (chuma cha kupashia maji moto) ikiwaka bila maji inaungua. Funga koki kuu, fungua koki zote, ya chini kabisa iwe ya mwisho. Tangi limwagwe kwa mpira wa maji huku koki ya maji moto ya juu ikiwa wazi. Hewa isipoingia, maji yanagoma kutoka. Kisha puliza mabomba kwa kompresa, presha isizidi psi 50.

Choo: flashi, halafu kausha tangi lake kwa sponji. Kwenye viwiko vya chini ya sinki (mabomba yaliyopinda yanayobaki na maji) mimina nusu lita ya propilini glaikoli, dawa ya kuzuia kuganda, bakuli la choo lita moja. Usitumie ya magari, kwa kawaida ni ethilini glaikoli, nayo ni sumu. Kiwiko kikikauka, harufu ya maji taka inapanda ndani.

Mashine ya kufulia ndiyo husahaulika: pampu yake hubaki na maji.

Asanteni sana, wakuu.