Naomba ushauri: picha za marehemu babu za MV Liemba, niziuze au nizipeleke wapi?

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Babu yangu alikuwa fundi bandarini Kigoma na mwishoni mwa miaka ya 70 alikuwepo wakati Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, inatolewa injini za mvuke inawekwa za dizeli, ameacha boksi zima la picha, mafundi wako ndani ya meli, wengine chelezoni, na nyuma ya nyingine kaandika majina. Sasa kuna mtu anataka kuzinunua zote aondoke nazo na ndugu zangu wameshakubali bei. Mimi roho inaniuma sana, maana hii meli Wajerumani waliileta kwenye makasha kama 5,000 hivi ikapanda treni toka Dar, ikaingia majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen, mwaka uliofuata, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, ndege za Wabelgiji zile za kutua majini zikaja kupiga mabomu Kigoma, Wajerumani wakaizamisha wenyewe, ila injini walizipaka grisi kwanza zisishike kutu, Waingereza wakaiibua 1924 na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Wakubwa wote hao wanatajwa, mafundi wetu nani anawataja?

Nimewaza Nyaraka za Taifa au makumbusho ya Ujiji. Kwa aliyewahi kukabidhi vitu kama hivi, familia inabaki na haki gani? Na kuziskani ziwe safi mnatumia mashine gani, simu inaleta mng'ao. Na hao ndugu niwaambieje, maana hela wanaihitaji kweli.