"I'm good" ni kosa? Walimu wa Kiingereza njooni hapa

MLETA MADA
Wakuu, habari za muda huu. Daftari la mwanangu wa darasa la nne limerudi lina kosa. Swali: "How are you?" Mtoto kaandika "I am good". Mwalimu kamkosesha kwa wino mwekundu, pembeni kaandika "fine".

Mimi nasema amemwonea. Najua hoja ya upande wa pili: eti "good" ni tabia, kwa hiyo mtoto kasema yeye ni mtu mwema, na mambo ya afya ni "well". Lakini baada ya "am" panakaa kivumishi: "I am happy", "I am tired", "I am good". Hata "well" hapo ni kivumishi, maana yake mzima, ndiyo maana "I am well" nayo iko sawa. Inageuka kielezi ukisema "I am doing well". Waingereza na Wamarekani wanajibu "I'm good" kutwa nzima. Karibuni, ila matusi hapana.

MWALIMU, SHULE YA MSINGI
Mkuu, wewe una mtoto mmoja, mimi nina darasa zima na mtihani uko mbele. Mwalimu akiingia wanasimama, wanaitikia kwa pamoja "We are fine, thank you teacher". Wamelishika hilo, linawatosha. Mtoto ukimfungulia milango mitano atatokea dirishani. Hayo mengine atayakuta sekondari.

MDAU WA HOTELI
Mwalimu, shikamoo. Hao wa sekondari ndio tunaowapokea huku. Kijana wetu alimuuliza mgeni "More coffee?", mgeni akajibu "I'm good". Kijana akamimina kikombe kikajaa! Kasikia "good", akajua kakubaliwa, kumbe mgeni anasema nimetosheka, asante.

Mwingereza naye akikupita na "You all right?" usianze kumhadithia malaria yako. Hiyo ni "mambo" tu. Mjibu "All right" uendelee na kazi. Halafu hiyo "fine" yenu muiangalie. Ukimuuliza mgeni chumba kikoje akasema "It's fine", usishangilie, nenda kakague maji ya moto. Akisema "It's OK" kwa sauti ya kuvuta, mwite meneja kabisa.

MLETA MADA
Mdau umemaliza. Na wale wa "Kiingereza safi", hiyo OK yenyewe ilianza kama utani wa magazetini. Mwaka 1839 gazeti moja la Boston liliichapa kama kifupi cha "oll korrect", yaani "all correct" iliyoharibiwa tahajia makusudi. Leo hata bibi yangu kijijini anasema oke.

Ila nisiwe mbishi wa kila kitu. "Alright" ya neno moja wahariri wengi bado wanaikata, wanataka "all right", maneno mawili. Mwalimu akimkosesha mtoto hapo, mimi kimya.

MWALIMU, SHULE YA MSINGI
Marahaba mdau. Haya, kwenye daftari nitapokea "fine", "well" na "good". "Alright" naendelea kukata, na la kahawa nitawafundisha, hilo sikulifikiria. Sasa nijibuni: swali la kuchagua likija, A ni "fine" na C ni "good", mtoto nimwambie azungushie lipi?