Idara ya historia Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM): ianzie Ugogo, nchi ya Wagogo, au ifuate nyayo za Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam?

Chimwaga_Juu: Wadau, UDOM ipo tangu 2007. Walimu wa historia wanapanda vyeo kwa makala za Kiingereza ambazo mzee wa kijijini Mvumi hatazisoma maishani. Mimi nasema wanafunzi wa mwaka wa kwanza waanze na hapa hapa: misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza Ugogo, maji haba, na watemi wakatoza ushuru kila kituo. Au nakosea?

Mpare_Halisi: Idara ni idara, iwe Dodoma au Tokyo. Mlimani haikupata jina kwa kuandika habari za Wazaramo. Halafu tusidanganyane, Dodoma ina historia gani zaidi ya njaa na vumbi?

Nyota_ya_Mpwapwa: Njaa! Wewe unaijua Mtunya? Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakabeba ng'ombe na nafaka, Waingereza nao wakaja na mkono ule ule, wanaume wakaswagwa kuwa wapagazi, mvua ikagoma. Bibi yangu alitaja umri wa watu kwa Mtunya: huyu kazaliwa kabla, yule baada. Kama hiyo si historia, basi nini?

Mpare_Halisi: Nimesema njaa, sijamtukana mtu. Mbona mnaruka?

Nyota_ya_Mpwapwa: "Na vumbi" ulimwambia nani?

Mwl_Kongwa: Kaka Mpare, kwenu Same kumeandikwa. Mwanahistoria Kimambo alihoji wazee wa Upare, kitabu kikatoka 1969. Mlimani hiyo hiyo unayoisifia ilipeleka wanafunzi vijijini 1968 kukusanya habari za Majimaji. Jina walilipatia huko.

Kijana_wa_Area_C: Jina la Mlimani aliliweka Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana, ndiye aliyeanzisha ile idara.

Mwl_Kongwa: Aliikuta. Alifika 1966, mkuu wa idara akiwa Terence Ranger, Mwingereza aliyetimuliwa Rhodesia 1963.

Kijana_wa_Area_C: Kumbe mzungu! Halafu tunaambiwa historia yetu tumejiandikia wenyewe. Haya, endeleeni.

Mpare_Halisi: Asante. Sasa mnataka UDOM ifundishe ukabila kwa kodi zetu.

Nyota_ya_Mpwapwa: Upare ni utafiti, Ugogo ni ukabila. Sawa bwana mkubwa.

Chimwaga_Juu: Jamani, niliuliza kuhusu makala na vyeo...

Mwl_Kongwa: Vyeo waachie wenyewe. Mnyampala alikuwa Mgogo na malenga, hakuwa na idara wala uprofesa, na 1954 alishaitoa historia ya Wagogo kwa Kiswahili. Tafsiri ya Kiingereza ilikuja baadaye. Mimi leo nafundisha Historia ya Tanzania na Maadili kwa Kiswahili, ila chuoni nilisomeshwa kwa Kiingereza. Nikiandaa somo natafsiri madaftari yangu mwenyewe usiku.

Kijana_wa_Area_C: Mwenye nakala ya Mnyampala aje PM.

Mpare_Halisi: Unaona? Hata watetezi wake hawajakisoma.

Nyota_ya_Mpwapwa: Na wewe cha Kimambo umekisoma?