Ukoo wa Bibi Mwantumu: bili ya Salma na bati la Muheza

*Ijumaa*

Mama Salma (Columbus): Asalaam aleykum wanaukoo. Bili ya Salma imetoka.

Mama Salma: [picha]

Mama Salma: Muhula wa kwanza peke yake. Ada 6,500, wamekata skolashipu 2,500, imebaki 4,000. Chumba na chakula 6,800. Jumla 10,800. Ni dola, Idrisa, usije ukasoma shilingi.

Idrisa (Dar): Nilishasoma shilingi nikasema mbona rahisi kuliko chekechea ya mwanangu 😂

Salma: Kaka Idrisa 😭

Baba Salma: Mwisho wa kulipa Agosti 20. Tunayo ile akaunti ya 529, ya akiba ya masomo hapa Marekani, imefika elfu thelathini. Nalipa yote kutoka humo, biashara imekwisha.

Ba'mdogo Juma (Muheza): Hongera sana Salma mwanangu. Umetutoa kimasomaso.

Ba'mdogo Juma: Kaka, kwa hiyo zile 4,000 za mkononi ulizonigusia wiki iliyopita sasa ziko huru?

Ba'mdogo Juma: [picha]

Ba'mdogo Juma: Sebule ya Bibi jana. Mvua ya nusu saa tu. Beseni la kufulia pale chini ya saa, sufuria juu ya kabati. Nimetandika nailoni juu ya dari lakini panya wameshaitoboa. Fundi amepiga hesabu: bati geji 28, mbao, misumari na ufundi, milioni 6. Kama dola 2,400 hivi. Vuli ikianza Oktoba itatukuta hivi hivi.

Baba Salma: Sawa mdogo wangu. Nikilipa chuo kutoka 529, kesho nakutumia.

Shangazi Rehema (Houston): Simama hapo hapo.

Shangazi Rehema: Hamisi usibonyeze kitu. Niko kazini, natoka saa moja ijayo. USIBONYEZE.

Idrisa: Mwanasheria wa kodi ameingia uwanjani 🏃🏾‍♀️

Ba'mdogo Juma: Dada, bati nalo lina sheria?

Mama Salma: Wifi mwenyewe anaandalia watu kodi kila Januari hadi Aprili. Msubirini.

Shangazi Rehema: Haya nimekaa. Tuanze na kilichomo. Nyie mmeweka shilingi ngapi humo tangu mwanzo? Zenu wenyewe, si faida.

Mama Salma: Elfu kumi na nane kamili. Nina daftari. Tulianza 2011 Salma ana miaka minne, mia kwa mwezi, miezi mingine mia na hamsini, mwaka wa corona miezi mitano hatukuweka kitu.

Shangazi Rehema: Basi 12,000 ni faida. Asilimia 40. Shikeni hiyo asilimia. Kila dola mnayotoa, senti 60 ni zenu na senti 40 ni faida. Huwezi kusema "leo natoa zangu tu, faida ibaki". Zinatoka zimechanganyika kama chai na maziwa.

Shangazi Rehema: Zikienda kwenye ada, vitabu, kompyuta, intaneti, chumba na chakula, ile faida haitozwi kodi hata senti. Ndiyo raha ya 529. Zikienda kwingine, faida inaingia kwenye mapato yenu na inakatwa kodi, halafu juu yake asilimia 10 ya adhabu. Na jimbo nalo litadai chake.

Baba Salma: Dada hayo nayajua. Mimi sitoi 529 kwa ajili ya bati. 529 inalipa chuo, bati linalipwa na pesa ya mkononi. Kosa liko wapi?

Shangazi Rehema: Kosa liko kwenye 2,500 unazotaka kuzitupa.

Baba Salma: 2,500 zipi?

Shangazi Rehema: Kuna nafuu nyingine ya kodi kwa wenye watoto chuoni. Dola 2,000 za kwanza za ada unazolipa, wanakurudishia zote kwenye kodi. Dola 2,000 zinazofuata, wanarudisha robo, yaani 500. Jumla 2,500 kwa mwaka, na unaweza kuipata miaka minne. Ila kuna sharti: ada ile isiwe imelipwa na pesa ya 529 iliyosamehewa kodi. Dola moja haipati nafuu mara mbili.

Shangazi Rehema: Sasa tazama bili. Ada iliyobaki baada ya skolashipu ni ngapi?

Salma: 4,000 😳

Shangazi Rehema: Elfu nne kamili. Kana kwamba waliipima. Ada ilipe kwa pesa ya mkononi. Chumba na chakula, 6,800, lipa na 529, kwa sababu chumba hakihesabiki kwenye ile nafuu nyingine. Ukichota 10,800 yote kutoka 529 na kudai zote ni za chuo, Machi utakaa mbele yangu unauliza mbona rifandi, yaani kodi wanayokurudishia, ni ndogo.

Baba Salma: Miaka yote hii naweka, hakuna aliyeniambia mwisho wake inatakiwa nisiitumie yote.

Mama Salma: Na wifi kipato chetu hakizuii?

Shangazi Rehema: Mke na mume mnaojaza pamoja, inaanza kupungua mkivuka 160,000 na inakufa kwenye 180,000. Kaka akiendesha lori usiku na mchana bado hamfiki.

Idrisa: Kwa hiyo bati limekufa 💀

Ba'mdogo Juma: Mimi sina neno. Nitamwambia Bibi ahamie chumba cha uani.

Mama Salma: Shemeji usiseme hivyo.

Ba'mdogo Juma: Nisemeje? Beseni mmeliona.

*Jumamosi*

Ba'mdogo Juma: Sijalala vizuri. Dada, swali la mjinga. Hiyo 30,000 ukitoa 6,800 inabaki 23,200 imelala. Mtoto hawezi kuila yote mwaka huu. Tukikopa 2,400 humo tukarudisha?

Mama Salma: Hapana.

Ba'mdogo Juma: Shemeji nimemuuliza dada.

Mama Salma: Na mimi nimejibu. Ni pesa ya Salma.

Shangazi Rehema: Wifi, kisheria ni ya Hamisi. Yeye ndiye mwenye akaunti, Salma ni mnufaika tu. Hata kumbadilisha anaweza, akamweka mdogo wake au binamu.

Idrisa: Binamu?? Mwekeni Abuu wa ba'mdogo Juma, anaingia chuo cha Mlimani mwakani. Huku tunasubiri bumu la bodi ya mikopo kama tunasubiri mvua.

Shangazi Rehema: Abuu hana namba ya kodi ya Marekani. Na chuo lazima kiwe kwenye orodha ya vyuo ambavyo wanafunzi wake wanaruhusiwa kupata mikopo ya serikali ya Marekani. Vya nje ya Marekani vipo, ila orodha ndiyo inayoamua, si ukubwa wa jina.

Idrisa: Abuu endelea kusubiri mvua.

Mama Salma: Wifi, au hii akaunti ndiyo iliyotunyima ruzuku ya masomo? Jirani hapa chini anasema ukiwa na akiba wanakuona tajiri.

Shangazi Rehema: Wanaogawa ruzuku huhesabu akiba ya mzazi kwa asilimia 5.64 isizidi. Kwenye 30,000 ni dola 1,692. Jirani asiwatishe.

Mama Salma: Ni huyu huyu aliyetoa pesa Desemba akalipa bili Januari, halafu fomu ya 1099-Q, ile ya kuonyesha pesa uliyotoa 529, ikaja na mwaka mmoja, risiti zina mwaka mwingine. Alihangaika.

Shangazi Rehema: Hilo nalo lishikeni. Mwaka wa kutoa na mwaka wa kulipa uwe mmoja. Na msingoje tarehe 19, maana kwanza wanauza vilivyomo, kisha pesa inasafiri siku kadhaa.

Salma: Shangazi, mwaka wa pili nikipanga nje na wenzangu?

Shangazi Rehema: Inakubali mradi unasoma angalau nusu ya mzigo wa masomo, ila isizidi kiwango ambacho chuo chenyewe kimekadiria. Uliza ofisi yao wakupe hiyo namba kabla hujasaini mkataba.

Salma: Na simu?

Shangazi Rehema: Laptopu ndiyo. Simu muulize baba yako.

Baba Salma: Baba yako amesema hapana.

Shangazi Rehema: Haya, Juma. Swali lako si la mjinga. Nimelilalia na mimi. Kuna mlango.

Ba'mdogo Juma: 👀

Shangazi Rehema: Mtoto akipata skolashipu, mnaruhusiwa kutoa kiasi kile kile bila ile adhabu ya asilimia 10. Kodi kwenye faida inabaki, adhabu inaondoka. Skolashipu ya muhula huu ni 2,500. Bati ni 2,400. Asilimia 40 ni faida, yaani 960. Nyie mko kwenye ngazi ya asilimia 12, kodi ni kama dola 115, na kidogo cha jimbo.

Shangazi Rehema: Kwa hiyo: ada 4,000 mkononi. Chumba 6,800 kutoka 529. Bati 2,400 kutoka 529 chini ya mwavuli wa skolashipu. Februari mkijaza kodi zinarudi 2,500, na zote zinaingia tena kwenye akaunti. Jimbo lenu la Ohio linawapunguzia mapato ya kutozwa kodi hadi 4,000 kwa mwaka kwa kila mtoto mnayemwekea, kwa hiyo hata hizo mtazipatia nafuu.

Idrisa: Huyu mama apewe wizara.

Baba Salma: Mama Salma?

Baba Salma: Mama Salma umeblutiki. Iko mbili za bluu.

Mama Salma: Nimekaa hapa mezani tu, nyie mnahesabu. Nimefua mashuka ya wazee wa watu miaka kumi na minne ili hiyo namba isirudi nyuma hata siku moja. Sasa inarudi nyuma mara mbili wiki moja.

Shangazi Rehema: Wifi, ya kwanza ndiyo kazi yake. Ya pili ni yako kukubali au kukataa. Sitakuwekea neno.

Ba'mdogo Juma: Shemeji nisamehe. Kweli.

Mwajuma (Muheza): Bibi amenipokonya simu, anataka kuongea. Amesikiliza yote, nimekuwa nikimsomea.

Mwajuma: [sauti, 0:52]

Idrisa: Kwa walio kazini, Bibi anasema: kwanza hiyo faida ni riba au si riba? Pili, mke mwenzangu Salma asome, mimi beseni nimelizoea, linanijazia maji ya kufulia.

Salma: Bibiii 😭😭 mke mwenzio nakupenda

Shangazi Rehema: Mama, kuna hisa za makampuni na kuna hati fungani, na hati fungani ndizo zenye riba. Mwenye akaunti anaruhusiwa kubadili anachowekeza mara mbili kwa mwaka. Kuhusu hukumu, tumuulize sheikh, mimi ni wa kodi tu.

Mama Salma: Ngojeni nipige picha kitu.

Mama Salma: [picha]

Mama Salma: Hili ndilo daftari. Someni wino wa kijani.

Idrisa: "Idi ya Bibi, 2013, dola 6." "Idi ya Bibi, 2014, dola 9." "2019, dola 8 na senti 70." Nini hii mamkubwa?

Mama Salma: Kila Idi akiuza machungwa alikuwa anampa anayekuja huku elfu kumi, elfu kumi na tano, hadi elfu ishirini, "mpeni Salma anunue pipi". Sikumnunulia pipi. Nilizigeuza dola nikazitia humo. Kijani chote ni cha mama mkwe.

Baba Salma: Sikujua hili.

Mama Salma: Ulikuwa barabarani.

Mwajuma: [sauti, 1:10]

Mwajuma: Naandika maana amecheka hadi haisikiki. Anasema: "Kumbe elfu kumi zangu zilipanda ndege nikiwa nimekaa hapa! Basi kama nimo kwenye hiyo akaunti, nataka bati langu."

Idrisa: 😂😂😂

Mama Salma: Wifi, hiyo fomu ya kutoa inajazwaje? Ziwe mbili, ya chumba iende chuoni moja kwa moja, ya bati ije kwa Baba Salma. Na Februari, Hamisi, rifandi haipiti kwenye mkono wako.

Baba Salma: Nimekubali mbele ya ukoo.

Shangazi Rehema: Nipigie saa mbili usiku saa zako, tujaze pamoja. Barua ya skolashipu itunzeni, ndiyo kinga yenu wakiuliza.

Ba'mdogo Juma: Namwambia fundi Jumatatu. Risiti zote nitaziweka humu, hadi ya misumari.

Idrisa: Nimejumlisha kijani. Dola 96. Bila faida. Ni bati nane hivi.

Mwajuma: Bibi anauliza, na faida yake je? Na ile asilimia 12 ya kodi nani ameikata?