Watoto wanataka akwariamu, tunaishi Masasi: Msimbati inawezekana kwa siku moja?

MamaWawili_Masasi
Habari za humu. Wanangu, wa miaka 7 na 11, wameangalia video za akwariamu kwenye simu mpaka basi, sasa wanadai kuona samaki laivu. Akwariamu ya kupanda ndege siiwezi, ila nasikia Msimbati matumbawe yapo karibu na ufukwe. Tutalala Mtwara mjini usiku mmoja. Gari ni Noah ya kukodi, watu wazima wawili, na hakuna anayejua kuogelea. Twende tarehe zipi, tubebe nini, na samaki wataonekana kweli au tutarudi na mchanga kwenye viatu tu?

Nahodha_Mikindani
Wataonekana dada, ila kabla ya kuulizia gari ulizia maji. Akwariamu ina saa za kufungua, na bahari nayo inazo, ila za bahari husogea kama dakika 50 kila siku. Watu wengi wanaorudi wakilalamika walifika wakati wowote tu, wakakuta maji yako kati, yanakwenda mbio na yamechafuka.

Chukua kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Tarehe 1 hadi 4 na 15 hadi 18 hivi ni bamvua: maji hupwa sana, na hukauka kabisa kati ya saa nne na saa sita mchana. Tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24 ni maji mafu: hayapwi sana wala hayajai sana, na hujaa asubuhi, saa tatu mpaka saa tano. Anayejua kuogelea na kuvaa miwani ya kuzamia aende maji mafu, kwa sababu mkondo ni mdogo na maji ni safi. Nyie msiojua nendeni bamvua, mtembee juu ya mwamba na kuchungulia vidimbwi. Ukichanganya haya mawili umeharibu safari.

Ingieni saa moja na nusu kabla ya maji kukauka, na yakianza kugeuka tu, rudini. Usidanganywe na saa ya kwanza. Maji huanza kupanda polepole, halafu saa ya tatu na ya nne ndipo hupanda nusu nzima. Ubaya ni kwamba hujaa kwanza nyuma yako, kwenye mfereji ulio kati ya mwamba na ufukwe. Wewe bado umesimama pakavu unatazama kiti cha pweza (yule mwenye umbo la nyota), kumbe njia ya kurudia imeshafika kiunoni mwa mtoto.

Kuhusu miezi: Oktoba na Novemba, kusi limekwisha na kaskazi halijashika, bahari hutulia. Kuanzia Januari hadi Aprili Ruvuma hushusha tope, na kadiri unavyosogea upande wa mdomo wa mto ndivyo unavyoona maji ya chai.

mwl_bayo
Nahodha amemaliza habari ya maji, naongeza ya nchi kavu.

Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kilomita za mraba 650, na aina za samaki zilizoorodheshwa ni zaidi ya 400. Kuna ada ya kuingia. Raia na mgeni hawalipi sawa, kwa hiyo kila mtu mzima abebe kitambulisho. Ulizeni ofisi ya hifadhi siku moja kabla, maana malipo ni kwa namba ya malipo, na mtandao ukisumbua mkiwa mmeshafika mtapoteza saa nzima ya maji.

Njia ni Mangamba, Madimba, Msimbati, kilomita 40 na kitu kutoka mjini. Noah itafika kijijini. Kipande cha kwenda Ruvula ni mchanga, msijaribu nayo. Mwenye gari la kuvuta magurudumu yote manne apunguze upepo wa matairi mpaka PSI 18 au 20, na aujaze tena akirudi kwenye barabara ngumu. Halafu kule kwenye ncha ya Ruvula kina hushuka ghafla karibu na ufukwe, si pa watoto wasioogelea.

Miguuni vaeni yeboyebo zenye mkanda wa nyuma, si kandambili. Kandambili hunaswa na tope, na miiba ya wale viumbe weusi wa baharini wenye sindano ndefu huingilia ubavuni. Mkipita kwenye mchanga wenye maji buruzeni miguu, msiinue, ili taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani) ashtuke na kuondoka kabla hujamkanyaga. Akichoma, loweka mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, dakika 30 hadi 90, huku mkielekea zahanati. Mwenye kupima moto wa maji atumie mkono usioumwa, kwa sababu mguu wenye sumu hauhisi vizuri na utaungua. Kwa hiyo chupa ya chai moja iwe ya maji ya moto matupu.

Mtakaowaona: pono, tasi wadogo, mkunga (samaki mrefu kama nyoka) kwenye tundu, majongoo bahari, vikaa, labda na pweza. Jiwe mkiligeuza lirudisheni lilivyokuwa, walio chini yake hufa kwa jua. Kome na makombe hayabebwi, yawe hai au matupu.

FundiKioo_Lindi
Kwa wasiozamia, tengenezeni ndoo ya kioo. Samaki hawaonekani kutoka juu kwa sababu uso wa maji unang'aa na kutikisika. Ukizamisha kioo sentimita tano tu, mng'ao wote unaisha, chini unaona kama dirishani.

Ndoo ya plastiki ya lita 10. Kata kitako duara, ukiacha ukingo wa sentimita 2 kuzunguka. Kata plastiki ngumu angavu ya milimita 3 au 4 (kioo cha kawaida kinavunjika, mkononi mwa mtoto hapana). Piga msasa ukingo, futa na spiriti, paka silikoni mzunguko mzima bila kuacha pengo, bandika, weka kitu kizito, acha saa 24.

Wengi hukosea hapa: wanabandika kwa ndani. Maji yanasukuma kwenda juu, kwa hiyo kilichobandikwa ndani kinabanduliwa na maji yenyewe. Bandika kwa nje, chini ya kitako, maji yatakigandamiza kwenye ukingo. Jaribu kwenye beseni nyumbani kabla ya safari.

MamaWawili_Masasi
Asanteni sana. Ndoo naipeleka kwa fundi leo. Mkubwa kanunuliwa miwani na mjomba wake, anataka kuivaa hata kwenye vidimbwi. Inaingiza ukungu. Na je, tukikosa bamvua?

Nahodha_Mikindani
Ukungu wa miwani mipya ni utando wa kiwandani. Sugua kioo kwa ndani na dawa ya meno nyeupe, suuza, rudia mara mbili. Siku yenyewe tema mate ndani, pakaza, suuza kidogo na maji ya bahari. Ikivuja, usikaze mkanda, kukaza ndiko kunakokunja mpira. Angalia kama kuna nywele zimebanwa. Na aipime hivi: aibandike usoni bila mkanda, avute pumzi kwa pua. Ikidondoka, si saizi yake.

Mkikosa bamvua msiende Msimbati kutembea mwambani, hautatoka majini. Vukeni kwa kivuko kutoka Mtwara mjini hadi Msangamkuu, ng'ambo ya pili, mkae kwenye maji ya magotini na ndoo yenu. Laifu jaketi kwa watoto hata hapo, na mashati ya mikono mirefu, maana anayeinama kwenye ndoo huungua mgongo bila kujua.