Mmetuita kwenye usaili, kumbe mlikuwa mnakusanya kazi za bure!

Wakuu, nina hasira na nitaandika hivyo hivyo.

Mimi ni dizaina, naishi Mwanga, Kigoma mjini. Mwezi juzi ejensi moja ya matangazo ya mitandaoni, ya Dar, ikanipigia: nimeitwa kwenye usaili, nifike mwenyewe. Nikaomba tuongee kwa video, wakakataa. Dada yangu anayeuza dagaa Kibirizi akanikopesha nauli. Treni kutoka mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200, nimeshuka miguu imevimba. Usaili wenyewe dakika kumi. Swali la kwanza: "Kigoma? Una uhakika wewe si Mrundi?" Wakacheka wote watatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kwa kabila, utaifa au anakotoka, na inamlinda hata anayeomba kazi tu. Watu wa Kigoma tumechoka kuulizwa uraia kila tunapobisha hodi!

Ila hilo ningelimeza. Kilichonileta hapa ni "jaribio".

Waliniambia nikirudi nyumbani niwatengenezee posti sita za sabuni ya mawese, "bidhaa ya kufikirika", ndani ya siku tatu, na nitume faili lenyewe linalofunguka na kubadilishwa, si picha tu. Nikasema mawese ni kwetu, hapa nawaonyesha. Nikaenda Simbo kwa mama mdogo, nikampiga picha akikamua, mikono myekundu hadi viwikoni. Siku tatu sikulala. Nikatuma. Kimya. Nikipiga simu haipokelewi.

Juzi nipo Instagram, nakutana na mikono ya mama mdogo. Kovu lake la panga kwenye kidole gumba lipo pale pale! Ni tangazo la sabuni, na sabuni yenyewe ipo dukani, inauzwa. Walichobadilisha ni rangi ya maandishi.

Nikawatafuta wenzangu tuliokaa nao benchi siku ile. Tulikuwa saba, nimewapata watatu. Mmoja alipewa "jaribio" la video fupi. Mwingine kapsheni za mwezi mzima. Wa tatu aliambiwa atunge kaulimbiu, na ndiyo hiyo hiyo iliyoandikwa juu ya picha yangu. Hakuna aliyeajiriwa. Kila mtu alipewa kipande chake, wao wakaunganisha wakamuuzia mteja kampeni nzima, bila kutoa hata mia.

Na wasije wakasema kazi ya usaili ni mali yao. Sikuwa mwajiriwa wao, sikusaini popote, sikulipwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa haki aliyeitengeneza kazi, tangu anapoitengeneza, hata kama hajaisajili COSOTA, ile ofisi ya serikali ya hakimiliki. Kama mnataka kumpima mtu, tazameni kazi zake za nyuma. Mkitaka mpya, mlipeni!

Mteja nimeshamwandikia, nikamwekea na picha ghafi zenye tarehe. Pengine hajui aliuziwa nini.

Jana mama mdogo kaniuliza wamenilipa shilingi ngapi, maana jirani kamwonyesha tangazo kwenye simu. Nimeshindwa kumjibu.

Nyie watatu ambao sijawapata: usaili ulikuwa Jumanne asubuhi, ghorofa ya pili, tulikaa benchi moja kwenye korido. Msifute faili wala meseji za kutumwa kazi. Njooni PM. Barua ya madai tunaandika moja, wote saba tusaini.